Samaki Ishirini wa Mama Asistante

Mama Asistante hakuanza kamwe kwa kukuuliza jina. Aliingia uani, akasalimia, akatazama mikono yako inafanya nini, kisha akasema, "Nipe na miye kazi." Kama ulikuwa unatwanga, alishika mchi. Kama ulikuwa unachambua maharagwe, alivuta ungo upande wake. Siku moja alimkuta baba mmoja juu ya paa anapigilia mabati, na watu wanaapa kwamba walimwona Mama Asistante huko juu pia, sketi imefungwa kwa kamba, misumari mdomoni, anaitikia kwa kichwa tu kwa sababu mdomo umejaa. Jina lako lilikuja lenyewe baadaye, likifuatana na mambo yote uliyokuwa umeapa kwamba hutayasema.

Kazi yake ilikuwa hiyo: kuingia katika nyumba za watu na kujua. Biro ya serikali, ofisi ya mambo ya jamii, ilimtuma, au jaji wa watoto alimtuma. Mtoto anapigwa wapi, mzee ameachwa na nani, ndugu wawili wanavutania mtoto yupi. Alikwenda, akarudi, akaandika rapore ya aliyoyaona. Toka bandarini mpaka ng'ambo ya mto Lukuga watu walimwita kwa cheo chake, Mama Asistante, na mimi sijawahi kumwita vingine, hata sasa ambapo jina lake ninalijua.

Alikuwa mfupi, mpana, na alitembea kama bata. Bata wenyewe aliwaogopa kuliko kitu chochote duniani. Mama huyu ambaye aliingia katika nyumba za walevi na kuwaambia "keti chini, papa, tuzungumze," nimemwona kwa macho yangu amepanda juu ya ndoo kwa sababu bata wawili wanapita njia. "Waondoe!" alipiga kelele. "Wale hawasikilizi muntu!"

Mfuko wake ulikuwa wa plastiki, wa bluu. Ndani mlikuwa na fishi za biro, zile karatasi za kujaza, kalamu za biki tatu, na kikombe chake cha bati, kwa maana hakutaka nyumba yoyote ihangaike kumtafutia kikombe kizuri. Fishi hazikutoka mfukoni mbele yako. Alizijaza baadaye, nje, amekaa juu ya pikipiki iliyosimama huku dereva anamngoja. Nilipokuja kumzoea nilimwuliza sababu.

"Muntu akiona biki," alisema, "anaanza kusema maneno ya biki."

Nilimjua kwa ajili ya mdogo wangu Deo.

Mama yetu alikufa Deo akiwa bado anatambaa. Baba alikwenda Manono kutafuta kazi. Habari zake zilikuja mara mbili, kisha zikakauka. Tulibaki watatu: Bibi aliyemzaa mama, Deo na mimi. Tuliishi kwa ndakala. Bibi na jirani yetu Mama Feza walinunua samaki hao wadogo asubuhi mitumbwi inapoingia, wakawaanika, wakawachambua, wakauza. Mimi nilimaliza shule ya msingi na kuingia katika kuanika. Kusema na watu kulinishinda. Mgeni akinisalimia, maneno yalifika mpaka kwenye meno yakarudi. Mama Feza alisema kama ningekuta simba ndani ya nyumba, watu wangejua baada ya wiki.

Deo alipofika miaka sita, baba mdogo akaja kutoka Kabimba. Anafanya kazi kule kwenye simenti, ana nyumba nzuri, mke mwema, na hawakujaliwa mtoto. Alimtaka Deo. Alisema mtoto wa kaka yake ni mtoto wake, atamsomesha. Bibi alisema Deo haendi popote. Walibishana mpaka chai ikapoa, na baba mdogo, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, akasema basi, jaji wa watoto ataamua. Toka siku hiyo swali lilikuwa moja tu katika nyumba yetu: Deo anabaki au anakwenda?

Bibi alidhani jaji ataita watu. Alijua jaji kama mtu anayekaa kwenye kiti, na wewe unasimama mbele yake na kitambaa kipya. Hakujua kwamba jaji anaweza kutuma macho yake mpaka nyumbani kwako. Kwa hiyo shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alipokuja kusema, "Bibi, siku ya Alhamisi atapita mama mumoja wa biro kuandika nyumba yako," Bibi hakufikiri jambo la Deo. Alifikiri musaada.

Ambaye hajaishi kwetu hataelewa haraka. Miaka mingi wamepita watu na makaratasi: wa mafuriko, wa vita, wa kipindupindu. Wanaingia, wanatazama, wanaandika. Mwenye kiti anaachwa. Asiye na kiti anaandikwa, na baadaye anapata turubai, ndoo, unga. Basi kila nyumba katika avenyu yetu inajua kujivua. Karatasi ikionekana mwanzo wa njia, viti vinaruka ukuta. Nimeona godoro linavuka nyua tatu kwa dakika moja, linapita juu ya vichwa kama jeneza la mtu mkubwa.

Alhamisi ile Bibi alijivua kuliko siku zote. Viti vitatu vya mbao, kigoda chekundu cha Deo, godoro, chandarua, sufuria zote mbili, redio, vyote vilikwenda kwa Mama Feza. Deo alivalishwa shati la marehemu babu, lenye tundu ambalo kichwa cha pili kingeweza kutokea. Aliambiwa asicheke. Mimi sikuambiwa kitu. Mimi nilikuwa tayari.

Mama Asistante akaingia. Akasalimia. Akatafuta pa kukaa.

"Tunakaa chini, mama yangu," Bibi alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Hivi njo maisha yetu."

"Chini ni kuzuri," Mama Asistante alisema, akashuka sakafuni kwa mapana yake yote. Akatulia. Akatazama udongo uliokuwa karibu na magoti yake, akaupitisha kidole, kama mtu anayesoma. "Nipe na miye kazi."

"Kazi?" Bibi alisema. "Hakuna kazi. Hakuna samaki. Hakuna kitu."

Na kweli, hata ndakala wetu walikuwa wamehamishwa; nyumba nzima ilibaki na harufu yao tu.

"Mulikula nini jana?"

"Maji," alisema Bibi.

"Na juzi?"

Bibi alifikiri. "Maji," alisema tena, lakini kwa huzuni zaidi.

Deo alianza kucheka. Alikandamiza mdomo, mabega yakatikisika, lile tundu la shati likatikisika pamoja naye. Mama Asistante alimtazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Bibi, miye sina musaada. Jaji njo amenituma. Anataka kujua kama mutoto huyu anakaa vizuri hapa, ao aende Kabimba kwa baba yake mudogo."

Sijawahi kuona uso unabadilika vile. Bibi alitazama kuta tupu. Alitazama shati la babu. Alitazama mdomo wake mwenyewe, kama ingewezekana, uliosema maji mara mbili. Kisha akaruka, akatoka mlangoni, akapiga kelele mpaka ng'ambo ya Lukuga walisikia:

"Mama Feza! Rudisha viti! Rudisha viti, tunakufa!"

Mama Asistante aliondoka kwa haraka kidogo. Tulidhani amekasirika. Dereva wa pikipiki alitusimulia baadaye kwamba alipofika kwenye kona alimwomba asimamishe, akashuka, akashika mti, akacheka mpaka machozi, akapanda tena akafuta uso na kusema, "Sasa twende. Kazi ni kazi."

Alikuwa amesema atarudi Jumanne.

Kabla ya Jumanne hiyo niseme habari ya jogoo, kwa sababu bila jogoo huwezi kumjua.

Mama Asistante, aliyejua kusoma nyumba ya mtu kwa nusu saa, aliuziwa jogoo sokoni akidhani ni kuku wa mayai. Alikuwa bado kifaranga mkubwa, hajaota kilemba. Alimlisha mwezi mzima. Alimtengenezea kiota. Asubuhi moja kuku huyo akapanda ukuta na kuwika, na mtaa mzima ukasimama kusikiliza. Mtu mwingine angeficha. Yeye alikwenda biro akawasimulia wote, na toka siku ile ikawa somo lake kwa vijana aliowafundisha kazi.

"Nilimuuliza muuzaji nini? Nilimuuliza, 'Huyu anataga?' Akasema, 'Ndiyo.' Basi! Ningemuuliza, 'Niambie habari ya kuku huyu,' angesema na kusema, na uongo ungechoka mbele yangu. Lakini niliuliza swali la ndiyo na hapana, nikapewa ndiyo, nikaenda nayo nyumbani, ikawika."

Kwa hiyo swali la namna hiyo aliliita jogoo. Miaka iliyofuata aliwaleta stazieri wake, wavulana na wasichana wa shule kubwa wanaojifunza kazi yake, mpaka pale tunapoanika ndakala. Aliwaketisha katikati yetu akawapa ungo. Mmoja nakumbuka alikuja na tai shingoni. Alimgeukia Mama Feza, akakohoa, akasema, "Mama, je, nyumbani mwako muna matatizo ya maelewano?"

"Hapana," alisema Mama Feza.

"Je, mume wako anakusaidia?"

"Ndiyo."

"Je, unaridhika na maisha?"

"Ndiyo, papa."

Kijana aligeuka na furaha kubwa, kazi imekwisha. Mume wa Mama Feza alikuwa ameondoka na mwanamke wa Moba muda mrefu uliopita, na hakuna mtu kwenye anikio asiyejua.

"Umepata nini?" Mama Asistante alimwuliza.

"Kila kitu kiko sawa, mama."

"Sikiliza vizuri," alisema, na akainua kidole kuelekea kwetu. Na wanawake wote, ishirini au zaidi, mikono imejaa magamba, tukawika pamoja: "Kokolikooo!" Na mimi niliwika. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko zote, mpaka Mama Feza akageuka kutazama imetoka wapi.

Sasa Jumanne.

Bibi hakulala tangu Alhamisi. Kama kujivua kulileta hatari, basi tutajivika. Avenyu nzima ilituhurumia, na avenyu yetu ikihurumia inatoa. Viti kumi na viwili vilikuja. Kochi likaja, likakwama mlangoni, likabaki hapo nusu ndani nusu nje, ikawa kila anayeingia anapanda kwanza juu ya kochi. Televisheni ikaja, ingawa nyumba yetu haikuwa na waya wa umeme. Saa ya ukutani. Mbuzi wawili. Picha ya harusi ya watu tusiowajua. Deo alivalishwa suti ya komunyo ya mtoto wa Mama Feza, mikono inafika magotini, na viatu vilivyojazwa magazeti. Alibeba mfuko wa shule mgongoni na mwingine kifuani.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Kigoda chekundu cha Deo. Bibi alikitazama akasema, "Hiki kinatuaibisha," akakiacha kwa Mama Feza.

Mama Asistante alipanda kochi, akashuka ndani, akatazama. Alichagua kiti akakaa. Kisha akasimama, akakigeuza chini juu. Chini ya viti vya kwetu kuna namba na alama za mwenyewe kwa rangi, ili baada ya msiba au harusi kila kiti kirudi kwao.

"Kumi na mbili," alisoma. "Bibi! Hiki ni kiti ya korali yetu ya kanisa! Jumapili nimesimama misa nzima juu ya kiti hiki, kwa ufupi wangu!"

Mbuzi mmoja alipanda kochi.

"Na hii saa?"

"Ya siku nyingi," alisema Bibi kwa sauti ndogo.

"Inasema ni saa tisa, na sasa ni asubuhi."

"Ni ya siku nyingi sana."

Nilifikiri tumekwisha. Deo alinitazama kutoka ndani ya suti yake na nilijua anafikiri vilevile. Lakini Mama Asistante alikiweka kiti cha korali chini kwa heshima, akasema, "Bibi, pumzika. Viti nimeona. Sasa nataka kukaa na huyu binti."

Huyu binti nilikuwa mimi.

Bibi alinishika mkono pembeni akaninong'oneza maneno matatu: "Usitaje sikio. Usitaje." Kwa maana Deo hasikii kwa sikio la kushoto, toka alipougua akiwa mdogo, na Bibi aliogopa kwamba jaji akijua atasema, ona, mtoto ameharibikia mikononi mwa mzee. Baba mdogo hakujua. Shuleni hawakujua. Tulijua watatu.

Tulikaa nje kwenye turubai la ndakala. Mama Asistante alivuta lundo upande wake, akaanza kutoa vipande vya majani na samaki waliovunjika, haraka na vizuri, kama mwenyeji. Kisha akasema, "Niambie siku ya jana. Toka Deo anaamka mpaka analala."

Na akanyamaza.

Baadaye nilijua kwamba hii ilikuwa kanuni yake. Aliwafundisha stazieri: ukishauliza, chambua samaki ishirini kabla ya kufungua tena mdomo. Si kumi. "Kwa kumi muntu anafikiri jibu zuri. Kwa ishirini anachoka nalo, anakupa la kweli." Yeye aliyasema hayo, na katika misa hakuweza kunyamaza hata padri anapohubiri, alimjibu kwa sauti. Alikataza kuhukumu watu, na alihukumu vitambaa vya kichwa vya mji mzima bila rufaa. Lakini ukimya wa samaki ishirini aliuweza, na haukuwa ukimya mzito. Ulikuwa kama mtu amekushikia mlango.

Mimi siku ile sikujua kanuni. Niliona vidole vyake tu. Samaki wa tatu, wa nne. Nilitaka kusema kwamba Deo ana viatu. Wa nane. Nilitaka kusema kwamba saa ni yetu. Wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Nilitaka kulia. Wa kumi na saba alikuwa amevunjika, akamtupa. Wa kumi na nane. Na wa kumi na tisa akiwa kati ya vidole vyake, mdomo wangu ulifunguka wenyewe, na likatoka lile lile nililokatazwa.

"Deo anakaa kushoto ya Bibi," nilisema. "Kila siku, wakati wa kula. Sikio lake la kushoto halisikii. Akikaa upande ule, sikio lake zuri linakuwa kwa Bibi. Bibi anamwambia hadithi, hana lazima ya kupaza sauti."

Mkono wake ulisimama. Alinitazama, akamweka samaki wa kumi na tisa mahali pake. Halafu akaniuliza mengine, nami nikajibu, kwa urefu kuliko nilivyowahi kumjibu mtu, lakini sikumbuki nini. Nilikumbuka tu kwamba nimesema. Alipokwenda kwenye pikipiki niliona kutoka mbali anatoa fishi na kuandika, na kuandika, na kuandika, na kila mstari niliuhesabu kuwa wangu. Nilimwuza ndugu yangu kwa lundo la ndakala.

Wiki tatu sikula vizuri. Bibi alidhani ni malaria. Mama Asistante alikwenda Kabimba pia, akakaa siku mbili kwa baba mdogo, akarudi anasifu. "Nyumba nzuri, watu wazuri," alimwambia Mama Feza barabarani, na Mama Feza akatuletea habari hiyo mbio, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Nilimtazama Deo anasukuma gari lake la kopo na nikaanza kumuaga kichwani mwangu, mahali kwa mahali: hapa hatakuwepo, na hapa.

Siku ya jaji Bibi alivaa kitambaa kipya. Mimi nilibaki na samaki. Nilimsikia kabla ya kumwona: Bibi anarudi anaimba, Bibi ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi, anaimba na kucheza katikati ya barabara ya vumbi, na pikipiki zinamkwepa. Deo anabaki. Likizo zote atakwenda Kabimba, baba mdogo atashughulikia shule, na hospitali wamtazame sikio. Baba mdogo mwenyewe alifika nyuma yake amebeba Deo mabegani. Alikuwa na huzuni kidogo na alikuwa anacheka pia, na alikula nasi, amekaa kwenye kiti ambacho kweli ni chetu.

Bibi hakuniuliza nani alitaja sikio. Mimi sikusema. Lakini swali lilibaki nami miaka yote iliyofuata: Deo alibaki kwa sababu gani? Nilisadiki kwamba alibaki ingawa nilisema. Kwamba Mama Asistante alitupenda akafunika maneno yangu.

Miaka hiyo alikuwa anapita kwetu karibu kila wiki kununua ndakala, pamoja na stazieri au bila stazieri, miwani juu ya kichwa huku anaitafuta ndani ya mfuko. Sikuthubutu kumwuliza. Yeye alibeba siri za mji mzima na hakuangusha hata moja. Ungeweza kumsikia anatangaza barabarani kwamba nyanya za fulani zimeoza, lakini lililosemwa kwenye ungo lilibaki kwenye ungo.

Halafu alistaafu, goti likamkamata, hakuja tena. Mwezi uliopita nilimpelekea ndakala nyumbani. Deo alinibebea mfuko mpaka mlangoni. Ana miaka kumi na tatu, ananipita urefu, na kila tunapotembea anahama bila kufikiri ili niwe upande wake wa kulia.

Nilimkuta Mama Asistante barazani na kijana wa serikali mwenye simu kubwa ya kuandikia. Serikali ilikuwa inahesabu wastaafu.

"Mama," kijana alisoma kwenye simu, "uko hai?"

Mama Asistante alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Niliona mashavu yake yanaanza kutetemeka.

"Sifa," aliniambia kwa jina langu, "mupe jibu."

"Kokolikooo!" niliwika.

Kijana alikaribia kuangusha simu. Mama Asistante alicheka mpaka tukamshika ili asianguke na kiti. Mwishowe alimwonea huruma. "Mwanangu, andika ndiyo. Lakini kesho, kwa mwingine, sema hivi: niambie umeamkaje. Akijibu, utajua eko hai, na utajua mengi mengine." Kijana aliandika ndiyo, akaondoka anageuka nyuma.

Tulibaki wawili. Nilimwaga ndakala kwenye ungo, tukaanza. Alisifu hawa, akawahukumu wale. Na mimi, ambaye maneno yangu yalikuwa yanafika mpaka kwenye meno, nilisema:

"Mama, niambie uliyoandika juu ya Deo."

Na nikanyamaza.

Samaki wa tano. Alisema jua ni kali. Wa tisa. Alitafuta miwani yake, ilikuwa kichwani. Wa kumi na nne. Alianza kutikisa kichwa.

"Unanifanyia samaki ishirini," alisema. "Miye. Kwa nyumba yangu."

Niliokota wa kumi na tano, wa kumi na sita. Alikuwa anapigana kweli. Kidevu kilikuwa kinacheza.

"Ya Kabimba siwezi kukuambia," alisema mwishowe, nami nilikuwa na wa kumi na tisa mkononi, naapa. "Ile ni yao. Lakini ya kwenu ni yako. Siku ya kwanza, mulipoficha kila kitu, nilikaa chini. Unakumbuka? Udongo wa nyumba yenu ulikuwa na matundu ya miguu ya viti. Kiti cha muntu mukubwa, matundu ine. Kingine, matundu ine. Na pembeni ya kiti cha bibi yako, matundu ine madogo, marefu kuingia chini, karibu mpaka yanagusana na ya bibi. Nikajua: kuna mutoto anakaa hapa kila siku ya Mungu. Viti munaweza kupeleka kwa jirani. Matundu yanabaki."

"Basi ulijua toka siku ya kwanza."

"Nilijua anakaa wapi. Sikujua kwa nini kushoto, kila siku kushoto, na kulia hakuna hata tundu moja. Weye njo uliniambia. Nikaandika matundu, nikaandika sikio, nikaandika kwamba bibi huyu amepanga nyumba yake yote kufuata sikio la mutoto mumoja, na mutoto huyu njo anajua pa kukaa. Jaji alisoma mara mbili. Akaniuliza nani amesema. Nikasema, binti ambaye hasemi."

Ungo ulianza kuteleza magotini mwangu. Niliushika. Nilitaka kusema mambo mengi kwa pamoja, ya wiki zile tatu, ya kutapika nyuma ya nyumba, ya miaka yote, na kilichotoka kilikuwa kidogo sana.

"Kwa hiyo ni mimi nilimbakisha?"

Mama Asistante alimchukua samaki wa ishirini kutoka kwenye lundo langu, akanirushia, akanipata puani.

"Jogoo hiyo," alisema, na akawika mwenyewe.